Chupa Yenye Uzi Mwekundu

Tuelewane mapema, tusije tukavurugana katikati: sifongo ni mnyama. Najua yupo atakayecheka. Yupo mwingine ameshafikiria kile kidude cha kusugulia masufuria, na simlaumu, maana waliokitengeneza wameiga umbo la mwenzetu bila hata kumwomba ruhusa. Lakini sifongo wa baharini ni mnyama kamili. Anakula, anazaa, anakufa. Hana mdomo, hana tumbo, hana moyo wala ubongo wa kumsumbua. Mwili wake wote ni matundu. Maji yanaingia kwa matundu madogo yasiyo na idadi, yanapita kwenye vijumba vya ndani ambako seli zenye vimkia kama mijeledi zinayasukuma na kuchuja chakula, kisha yanatokea juu kwa tundu moja kubwa. Basi, maisha yake ndiyo hayo.

Sasa mwili laini namna hiyo unasimamaje? Sifongo ana mifupa, ila si ya kumtupia mbwa. Ni miiba midogo kuliko punje ya chumvi, maelfu kwa maelfu, imejipanga ndani ya nyama kama fito ndani ya ukuta wa udongo. Wengi miiba yao ni ya kioo. Wengine hawana miiba, wana nyuzi tu, na hao ndio ambao watu wanajisugulia bafuni. Na wapo wachache, wanyonge wa ukoo, ambao miiba yao ni ya chokaa, mingi ina pembe tatu. Ukitaka kumjua sifongo ni nani, tazama miiba. Kwa nje wanadanganya wote: huyu leo mviringo kesho bapa, yule hapa mwekundu pale kijivu. Bila miiba ni tope tu lenye umbo.

Kazi ya Bi Chupa ilikuwa kutunza tope hilo. Alikuwa mtunza sampuli kwenye makumbusho ya viumbe, chumba cha chini, mlango wa pili baada ya choo. Jina alipewa na wafagizi kwa sababu ya chupa zake elfu nne, ambazo alizijua moja moja, na ole wako uhamishe hata moja bila kumwambia. Mtu wa utaratibu mpaka wenzake walimchoka. Kila chupa iwe na lebo mbili, moja ndani kwa penseli, moja nje. Kila baada ya miezi mitatu spiriti iliyopungua iongezwe. Isipokuwa chupa zenye uzi mwekundu. Uzi mwekundu shingoni mwa chupa maana yake ndani yumo mnyama ambaye ni mmoja tu, hajapatikana mwenzake, na hafunguliwi mpaka aje mtaalamu wa ukoo wake. Kifuniko kinazibwa kwa nta, uzi unafungwa, habari imekwisha. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe, baada ya mgeni mmoja kumchokoachokoa konokono wa pekee kwa ncha ya kalamu.

Kwenye rafu ya juu kabisa, mbali na mikono ya watu, palikuwa na chupa moja yenye uzi mwekundu ambayo Bi Chupa aliisalimia kila asubuhi. Hiyo ilikuwa ya kaka yake.

Kaka mtu aliitwa Mapafu, kwa jinsi alivyojua kubana pumzi. Alikuwa mpiga mbizi wa makumbusho yale yale, na ndiye aliyemtafutia mdogo wake ile kazi. Miaka tisa nyuma, asubuhi moja, alishuka kwenye ukuta wa miamba, akaingiza tochi ndani ya pango, akamwona. Sifongo mweupe, urefu wa kidole gumba, umbo la birika lisilo na mkono, na kuzunguka lile tundu la juu kuna miiba mirefu kama kope. Mapafu alikuwa ameona sifongo wa kutosha, lakini huyu hakuwahi kumwona, wala kumsikia. Hewa iliyobaki kwenye mtungi mgongoni ilikuwa ya kupandia tu. Kila mpiga mbizi anajua kwamba hapo hakuna mjadala, unapanda, kesho unarudi. Yeye akabaki dakika tano, akimbandua kwa kisu taratibu asije akamvunja. Halafu ikambidi apande haraka kuliko damu inavyoruhusu, hewa ikatoa mapovu ndani ya damu yenyewe. Alipofika juu alikuwa anacheka, akawainulia wenzake kifuko alichomtia sifongo waone. Kisha akasema miguu imekufa ganzi. Haikuamka tena mpaka leo.

Kifuko kilimfikia Bi Chupa kabla ya habari yenyewe. Mwendesha boti alisimama mlangoni analowesha sakafu, akasema, "Kaka yako kasema umtunzie huyu. Yeye tumempeleka hospitali. Dada, fanya haraka."

Hapa nisikilize vizuri, maana hadithi yote imekaa hapa. Sifongo wa chokaa anawekwa kwenye spiriti. Haingizwi kwenye formalini, ile dawa kali ya kuhifadhia samaki, kwa sababu formalini ikikaa inageuka asidi, na asidi inakula chokaa. Inakula polepole, bila povu, bila kelele, na nyama inabaki vilevile. Bi Chupa alilijua hilo kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile, tena yeye ndiye aliyewafundisha wageni. Lakini siku hiyo dumu la spiriti lilikuwa tupu, jipya limefungiwa stoo, na mwenye ufunguo ametoka kwenda kula. Dumu la formalini lilikuwa pale pale miguuni pake. Akajisemea, usiku mmoja haumdhuru, kesho nitamhamisha. Akamimina. Akabandika lebo iliyokwisha chapwa, yenye neno SPIRITI, kwa sababu kesho ingekuwa kweli. Akatoka mbio.

Kesho hakurudi. Alirudi baada ya miezi minne, amekonda, amejua kumgeuza mtu mzima kitandani peke yake. Mchumba aliyekuwa naye alikuwa ameshaaga kwa adabu zote. Akakuta chupa iko rafuni, imezibwa kwa nta, uzi mwekundu shingoni. Mwenzake aliyemshikia kazi, ambaye alikuwa ameshahamia mbali, alikuwa ameifuata sheria yake bila kukosea. Bi Chupa akatazama lebo, ikasema spiriti. Akajiambia, bila shaka mwenzangu alimbadilishia dawa. Lakini swali lilikuwa likimjia mara mojamoja, anaosha vyombo au anampaka kaka yake mafuta mgongoni, linamjia tu. Angeweza kukata uzi, akafungua, akanusa. Kunusa tu. Hakukata. Sheria ni sheria, alisema. Mimi nasema aliogopa.

Na unapoona mtu anaogopa, uliza anaogopa kupoteza nini. Mapafu hakuwa na kitu kingine. Mkono wake wa kushoto nao ulibaki dhaifu, kwa hiyo hata kiti cha magurudumu hakuweza kukiendesha. Akijisukuma, kiti kinazunguka palepale, naye alikuwa akitania kwamba siku hizi amekuwa mshale wa saa. Alitania sana. Aliwaambia wageni kwamba amemkopesha sifongo miguu, na sifongo akishapata jina atalipa. Maana ndivyo ilivyo, mtaalamu akithibitisha kwamba mnyama ni mpya, anaweza kumpa jina la aliyemwona kwanza, na jina hilo halifutwi. Wapiga mbizi wawili walirudi pale kutafuta sifongo mwenzake, wakakuta pango limefukiwa na udongo wa uchimbaji wa bandari. Kwa hiyo alikuwa ni yule mmoja, au hakuna.

Mtu ambaye shuleni alikuwa akikimbia kitabu, alikaa kitandani miaka tisa akasoma habari za sifongo hadi akawa anamsahihisha dada yake. "Unajua," alimwambia siku moja akiwa anaogeshwa, "ukimchukua sifongo mzima ukamkamua kwenye kitambaa, akatoka vipandevipande, zile seli zinatambaa chini zinatafutana. Zikikutana zinajijenga upya."

"Inua mkono."

"Mimi uti wa mgongo tu umenishinda. Yule hana hata mgongo."

"Inua mkono, kaka, maji yanapoa."

Barua ya Profesa ilifika mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa mama wa makamo, mmoja kati ya watu wachache duniani, hata meza moja hawaijazi, wanaowajua sifongo wa chokaa, na alikuwa ameahidi kuja tangu Mapafu akiwa na nywele nyeusi. Siku yenyewe Mapafu aliamka alfajiri akataka kunyolewa. Akataka shati la mikono mirefu. Bi Chupa alimfunga vifungo, na alipofika kile cha shingoni kaka yake akamshika mkono.

"Wakisema ni mpya, nitalia," alisema. "Usinicheke."

"Nani akucheke?"

"Wewe. Wewe mtu mbaya sana."

Akacheka yeye mwenyewe. Bi Chupa akacheka pia, akamalizia kile kifungo cha shingoni.

Alimwacha kaka yake ukumbini, mbele ya mlango wa maabara, kwa kuwa Profesa hapendi watu wa kumsimamia akiwa na kisu. Ndani, Profesa aliinyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha. Sifongo alikuwa mle, mzima, mweupe, birika lake limekaa sawasawa. "Jamani, mzuri huyu," Profesa alisema. "Nani alimtunza?"

"Mimi."

"Mikono yako ibarikiwe."

Akakata uzi. Akakwangua nta, akafungua kifuniko.

Harufu ilimfikia Bi Chupa pale pale aliposimama, hatua tatu kutoka mezani. Spiriti inanukia kama hospitali, inapita. Formalini inachoma macho. Macho yakamchoma, na akajua. Hakuwa na haja ya kisu wala darubini. Chokaa yote ilikuwa imekwisha muda mrefu sana, labda hata kabla Mapafu hajatoka wodini, na yeye alikuwa akiisalimia kila asubuhi.

Profesa naye alinusa. Alimtazama Bi Chupa mara moja, akasoma lebo. Kuna watu wana utu wa kutokuuliza. Akakata kipande kidogo kama ukucha wa mtoto, akakitia kwenye kichupa chembamba, akadondoshea klorini. Hivyo ndivyo inavyofanyika, klorini inakula nyama, mifupa inazama chini kama vumbi jeupe. Wakasubiri. Nyama iliyeyuka. Maji yakatulia, yakawa safi. Profesa alikitikisa kichupa, akakiweka kwenye mwanga. Chini hapakuwa na kitu.

Akakata kipande cha pili, kutoka kwenye kitako. Vilevile.

"Kata kwenye kope," Bi Chupa alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Pale juu. Ile miiba mirefu. Huenda imebaki."

Profesa alijua haijabaki. Bi Chupa pia alijua. Lakini alikata, kwa heshima tu, na akaacha kipande kile chini ya lenzi bila kukitia klorini, ili waone nyama yenyewe. Bi Chupa akainama kutazama. Pale mwiba ulipokuwa umelala, palibaki tundu jembamba lenye umbo la mwiba. Matundu mengi, safi, yamepangana kwa pembe tatu tatu, na ndani yake hamna chochote. Nyama ilikuwa imeikumbuka mifupa yake yote.

"Hatuwezi kumtambulisha kwa matundu haya?" aliuliza. "Umbo linaonekana. Tazama, Profesa, linaonekana kabisa."

"Dada yangu, siwezi kupima kitu ambacho hakipo. Yamesinyaa, sijui kwa kiasi gani."

"Na vinasaba?"

"Kwa formalini ya muda huu?" Profesa alivua miwani. "Nitajaribu, sitaki kukudanganya kwamba nina matumaini. Na hata nikipata kidogo, bila mifupa hawatanikubalia jina."

Bi Chupa aliona dunia inamwendea mbali. Mikono yake ikajitafutia kazi, ikachukua kitambaa, ikafuta meza iliyokuwa safi. Ikaokota uzi mwekundu, ikaukunja, ikauweka mfukoni. Mtu aliyezoea kwamba kila kitu kina mahali pake alikuwa akitafuta mahali pa kuliweka jambo hili, na hapakuwapo.

Profesa akasema taratibu, "Naweza kumwambia kwamba sampuli nyingine zinaharibika zenyewe, kwa umri. Si uongo mkubwa."

Niseme ukweli, Bi Chupa alilitamani lile neno. Alilitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu. Alifungua mdomo akubali. Lakini tayari mlango ulikuwa unagongwa kwa ngumi ya mkono mmoja, na Mapafu alikuwa akisema kutoka ukumbini, "Mnaficha nini humo? Nifungulieni, nimezeeka hapa."

Profesa ndiye aliyefungua, ndiye aliyemsukuma hadi mezani. Mapafu aliingia anatabasamu, shati limemkaa vizuri, mkono wa kulia umeshanyooka kusalimia. Halafu tabasamu likasimama palepale. Alikuwa amefanya kazi na sampuli miaka kumi na tano kabla ya kuumia. Pua yake haikuwa imepooza.

Akaitazama chupa. Akaitazama lebo. Akavuta hewa tena, polepole, kwa yale mapafu yake maarufu, kama mtu anayetaka kupewa jibu lingine.

"Hii si spiriti," alisema.

Akanyoosha mkono kuelekea mezani.

"Profesa, niinamishie hiyo darubini."

Akatazama muda mrefu. Walimsikia akihesabu kwa mdomo bila sauti, moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, akifuata pembe za vile vitundu. Alikuwa amezisoma kwenye vitabu miaka yote hiyo, na ndiyo mara yake ya kwanza kuziona za kwake. Alipoinua kichwa, alama ya darubini ilikuwa imemkaa kuzunguka jicho.

"Alikuwa mpya?" aliuliza.

"Sijui," Profesa alisema. "Mpangilio huo sijawahi kuuona mahali popote. Lakini sijui, na hakuna atakayejua."

Mapafu akatikisa kichwa, akakubali. Kisha akamgeukia dada yake, na akauliza kwa upole kabisa, upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Nani alimimina?"

Bi Chupa angeweza kumtaja yule mwenzake aliyehama. Hayupo, hatajitetea. Alimfikiria, nakiri. Lakini kaka yake alikuwa anamtazama kwa lile jicho lenye duara.

"Mimi," alisema. "Siku ile ile. Nilitaka kuwahi hospitali. Nilisema kesho nitambadilishia, na kesho nilikuwa kwako, na kesho yake, na baadaye nikaogopa kuangalia. Miaka tisa naogopa kuangalia. Nisamehe, kaka."

Kama Mapafu angekuwa na miguu angeondoka, angepiga mlango, angekwenda kutembea mpaka hasira zimwishe, arudi jioni amtukane kwanza halafu amsamehe, kama ndugu wengine wanavyofanya. Alitaka kuondoka. Akashika gurudumu la kulia kwa mkono wake mzima, akasukuma kwa nguvu zake zote. Kiti kikageuka kuelekea mlangoni. Kikaupita mlango, kikaendelea kuzunguka, kikalipita dirisha, kikaipita rafu, kikamrudisha mbele ya dada yake.

Akasukuma tena. Kiti kikazunguka tena, kikamrudisha tena.

Profesa aligeuza uso, akajifanya anatafuta kifuniko. Bi Chupa hakuthubutu kusogea. Mara ya tatu Mapafu hakusukuma, aliuacha mkono juu ya gurudumu, na machozi yakamtoka, yale aliyokuwa ameyaahidi asubuhi. Hakuwa hata na namna ya kuyageuzia ukutani.

"Nisukume," alisema.

"Wapi?"

"Nyumbani. Kwani nina wapi pengine?"

Akamsukuma. Walipita ukumbini, wakapita wafagizi waliokuwa wamejipanga kupiga makofi kwa sababu walikuwa wameambiwa leo kuna jina jipya, na mmoja alipiga mawili matatu kabla mwenzake hajamshika mkono. Walipandisha barabara ndefu juani. Bi Chupa aliona kisogo tu, na kola ya shati aliyoipiga pasi mwenyewe. Alisema maneno mengi kimyakimya kwa kile kisogo, hakutoa hata moja.

Nyumbani alifunga breki za kiti kando ya kitanda, akainama kumhamisha, kama alivyofanya kila siku kwa miaka tisa. Kazi hiyo haifanyiki bila kaka kumkumbatia dada. Mapafu alimtazama, akatazama kitanda, akatazama tena. Akasubiri muda mrefu, labda alitumaini kutatokea mtu mwingine. Halafu akainua mkono wa kulia, akauchukua ule wa kushoto akauweka juu ya bega la dada yake, akamzungushia shingoni, akageuzia uso pembeni ili usimguse.

"Haya," alisema. "Inua."